Ukewenza wa Bustanini

Bwana shamba alikuja na pikipiki ya serikali,
kijana wa Singida, vumbi la Hombolo hadi kwenye kope.
Akachuchumaa tutani, akasema:
Mama, mimea nayo ina wenza.
Nyanya ipe mrehani, uwe mwenza wake.

Nilicheka mpaka jembe likaniponyoka.
Ng'ambo ya ua wa minyaa Nyemo naye akacheka,
nikajua anasikiliza, ndiyo kawaida yake.

Maana mimi na Nyemo tulikuwa wenza miaka kumi na tisa
kabla ya huo mrehani.
Mume mmoja, majiko mawili,
na njia ya bwawani tuliyogawana kwa saa:
yeye alfajiri, mimi jua likishapanda,
tusije tukakutana na ndoo kichwani
tukalazimika kusalimiana.

Mzee Chiwanga alipozikwa, matanga yakaanuliwa,
ndugu wakagawa. Nyemo akapewa bustani.
Mimi nikapewa pampu ya kukanyaga
na kipande cha mchanga wenye chumvi.
Ardhi bila maji, maji bila ardhi.
Mwaka mzima tulitazamana hivyo,
pampu yangu ikishika kutu, mchicha wake ukifa wima.

Nani alianza kusema? Mimi nasema ni yeye.

Basi kijana akaendelea kutufundisha.
Mengine hayakuwa mageni:
bibi zetu walitia uwele na kunde shimo moja,
boga likatambaa chini, likafunika udongo
jua lisije likaunywa.
Hawakuliita jina lolote. Waliliita shamba.

Yaliyonishangaza ni yale madogo.
Kwamba bangi mwitu, ile inayonuka,
niliyoing'oa ujana wangu wote nikiitukana,
minyoo ya mizizi haitaki kukaa nayo;
sasa naipalilia kama mwana.
Kwamba giligilani ukiiacha itoe maua
nyigu wadogo watakuja, wembamba kama uzi,
na vidukari wa sukuma wiki watajuta kuzaliwa.
Kwamba kitunguu kikisimama pembeni mwa kabichi
harufu yake humpoteza nondo njia.

"Ila kitunguu na maharage," akaonya, kidole juu,
"msiviweke pamoja. Hawa hawapatani.
Mmoja atamdumaza mwenzake."

Nyemo, bila kuinua kichwa:
"Hao ni sisi."

Kijana hakujua acheke au aondoke.

Tulivipanda pamoja, kwa ubishi tu,
tuta moja kule mwisho, karibu na mzabibu wa jirani.
Vitunguu vilinenepa. Maharage yalizaa kidogo,
maganda mafupi, punje tatu tatu.
Tuliyala vilevile, yamekaangwa na vile vitunguu,
tukakubaliana kwamba kijana alisema kweli
na kwamba tusimwambie.

Sisemi tunapendana.
Bado akikanyaga pampu anaikanyaga kwa hasira,
nami nikimwagilia upande wake
mkono wangu unajua kuwa ni upande wake.
Lakini tumekata minyaa, tumeacha tundu la kupitia,
na asubuhi tunashuka bwawani saa moja, wawili,
ndoo zikigongana, bila neno la maana:
Umeamkaje. Salama. Upepo wa jana. Acha tu.

Mwezi wa kwanza mvua ikanyesha siku nne.
Mlenda ukaota wenyewe, katikati ya mistari,
haukupandwa kwa mkono wake wala wangu,
umesogeleana na nyanya, umekanyagana na mrehani.
Bwana shamba akauona, akasema: gugu hilo, ling'oeni.

Tukatazamana, mimi na Nyemo.
Tukamngoja awashe pikipiki,
vumbi lishuke,
kisha kila mmoja akakunja upindo wa khanga
akaanza kuchuma,
mimi upande huu,
yeye upande huu.